Alama ya Sikioni: Wizi wa Mifugo na Haki ya Vijijini katika Uingereza ya Karne ya 19

Mwaka 1817 mtu mmoja wa Martindale, bonde lililojificha katika milima ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza, alichapisha kitabu ambacho mgeni wa mjini angekifungua akashangaa. Joseph Walker, ndiye mtungaji, alikijaza picha za kondoo. Kondoo baada ya kondoo, wote wamesimama namna moja, na kila picha ina mwenyewe pamoja na maelezo ya alama zake. Mmoja alikatwa ncha ya sikio, wa pili akapasuliwa sikio, wa tatu akapakwa mstari mwekundu mgongoni au herufi ya lami ubavuni. Wafugaji wa huko walilisha mifugo yao kwenye milima isiyo na ua, kondoo wa mtu mmoja wakichanganyika na wa majirani kumi. Kitabu kiliwasaidia kujua aliyepotea ni wa nani ili arudishwe kwa mwenyewe.

Mhadhara huu unaanzia hapo, kwenye sikio la kondoo. Siku zile mnyama hakuwa na hereni yenye namba, na kijijini hapakuwa na kituo cha polisi. Alama ndiyo iliyokuwa hati ya umiliki, nayo iliandikwa mwilini mwa mnyama. Ngozi ikivuliwa, hati imekwenda nayo. Nyama iliyokwisha kukatwa haina jina la mtu.

Mwizi alilijua hilo vizuri. Mara nyingi hakumswaga mnyama hadi nyumbani, maana kondoo aliyetengwa na wenzake hutembea kwa kusitasita na hulia njia nzima. Alimchinja palepale malishoni, nyuma ya kichaka, akamchuna gizani kwa kupapasa, akatia mapaja na mikono ndani ya gunia, akaacha kichwa, ngozi na matumbo mtaroni. Asubuhi mchungaji anahesabu, mmoja hayupo. Anazunguka ua, anaona majani yamelala, anaona damu. Kuanzia hapo upelelezi unafanywa na watu ambao hakuna aliyewafunza kazi hiyo: mwenye kondoo, majirani zake, na konstebo wa parokia.

Wanafuata nyayo kwenye tope. Viatu vya vibarua vilipigiliwa misumari ya chuma kwenye soli, na msumari mmoja ukidondoka huacha pengo. Kiatu cha mshukiwa kinaletwa, kinakandamizwa kwenye udongo kando ya unyayo wa kwanza, misumari inahesabiwa safu kwa safu. Halafu inatafutwa hati ya upekuzi, na nyumba za vibarua zinapekuliwa uvunguni, darini, kwenye pipa la chumvi na kwenye chungu kilichoko motoni. Ikipatikana nyama, mchinjaji wa kijiji huitwa. Yeye huchukua paja lililokutwa nyumbani na kulirudisha kwenye mabaki yaliyoachwa shambani. Mfupa ukikaa kwenye tundu lake, na mkato wa kisu upande huu ukilingana na mkato wa upande wa pili, kesi imekwisha nusu.

Uhai wa mtu uliweza kuning'inia kwenye mkato huo. Mwaka 1741 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba aliyeiba kondoo anyongwe, bila ile nafuu ya kale iliyowaokoa na kitanzi wakosaji wengi wa mara ya kwanza. Sheria hiyo ilitaja kondoo “au mifugo mingine”. Majaji wakaisoma, wakasimama hapo. Mifugo mingine ipi? Hawakukubali mtu afe kwa maneno mapana namna ile, wakaitumia sheria kwa kondoo peke yake. Bunge likalazimika kurudi mwaka uliofuata, 1742, na kuwataja wanyama jina kwa jina: mafahali, ng'ombe majike, maksai, njeku, mitamba, ndama, na hata wanakondoo. William Blackstone, mwanasheria maarufu wa karne ya 18, aliisimulia habari hii katika kitabu chake kikuu cha sheria za Uingereza, akionyesha jinsi sheria inayoua inavyopaswa kusomwa kwa ufinyu.

Mtu wa Afrika Mashariki anayesoma sheria ataikuta desturi hiyo ya kuorodhesha wanyama hadi leo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, ina kifungu cha wizi wa mifugo kinachotaja farasi, punda, nyumbu wa kupandwa, ngamia, mbuni, fahali, ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe mmoja mmoja, na kumpa mkosaji kifungo kisichozidi miaka 14. Aliyeandika kifungu hicho alifuata njia iliyokwisha kuchongwa na lile Bunge la 1742, lililolazimika kutafuta neno la kila mnyama.

Kwa nini kifo? Kondoo mmoja, hata awe mnono vipi, hakulingana na mtu hata machoni pa waliotunga sheria ile. Jibu liko kwenye jiografia ya shamba. Ng'ombe na kondoo hulala nje. Hakuna kufuli la malisho. Mwenye mali hawezi kukesha usiku kucha kwenye ekari mia mbili, na serikali haikuwa na askari hata mmoja wa kukesha kwa niaba yake. Polisi wa Robert Peel, waziri wa mambo ya ndani, walioanzishwa mwaka 1829, walikuwa wa London tu. Vijijini alikuwepo konstebo wa parokia, ambaye kwa kawaida alikuwa mkulima, fundi viatu au mwenye duka aliyeteuliwa kwa mwaka mmoja, bila mshahara, na ambaye mara nyingi aliomba mwaka uishe haraka arudi kwenye shughuli zake. Kamba ya mnyongaji ilifanya kazi ya askari ambaye hakuwepo. Kwa kuwa wachache walikamatwa, sheria ilitaka wachache hao watishe wengine wote.

Farasi alikuwa na ulinzi wake wa zamani zaidi. Tangu karne ya 16 wizi wa farasi ulikuwa kosa la kunyongwa, na minada yake ilikuwa na taratibu ambazo mfanyabiashara wa ng'ombe wa leo angezielewa mara moja. Sheria ya 1555 ilitaka farasi anayeuzwa mnadani asimamishwe au atembezwe hadharani kwa muda usiopungua saa moja, kati ya saa nne asubuhi na machweo, na mtoza ushuru aandike kitabuni bei yake, rangi yake na alama zake. Sheria ya 1589 ikaongeza kwamba muuzaji ajulikane, au awepo mtu mwaminifu wa kumdhamini. Taratibu hizo zilimbana mwizi wa kijijini. Mwizi wa farasi mwenye akili alikwepa mnada wa jirani, akapanda mali yenyewe usiku mmoja hadi kaunti ya pili au ya tatu, mahali ambapo hakuna aliyemjua yeye wala mnyama. Hapo ndipo wizi wa farasi ulipotofautiana na wa kondoo. Kondoo aliibwa aliwe, farasi aliibwa auzwe, na kwa hiyo nyuma ya mwizi wa farasi mara nyingi alikuwepo dalali, mpokeaji na mnunuzi asiyeuliza maswali.

Sasa tuseme mwizi amekamatwa. Nani anamshtaki? Hapa msikilizaji wa leo anapaswa kusahau mengi anayoyajua. Hapakuwa na mwendesha mashtaka wa serikali wa kushika jalada la kibarua aliyeiba kondoo. Aliyeibiwa ndiye aliyeshtaki. Alilipia hati, akalipa karani, akawasafirisha mashahidi wake hadi mji wa kaunti, akawalisha na kuwalaza huko hadi kesi ije. Kama mavuno yamewiva, yamewiva. Yeye yuko mjini anangoja zamu. Serikali ilijaribu kumvuta kwa fedha. Sheria ileile ya 1741 ilitoa zawadi ya pauni 10 kwa aliyefanikisha hukumu ya mwizi wa kondoo, hadi zawadi za namna hiyo zilipofutwa mwaka 1818. Kidogo kidogo Bunge liliruhusu pia mahakama zimrudishie gharama zake, na sheria ya 1826 ilipanua nafuu hiyo. Hata hivyo wakulima wengi waliona ni afadhali kumalizana na mwizi kimyakimya, au kumwacha.

Wenye mali wakabuni njia ya kusaidiana. Katika miji midogo na vijiji vya Uingereza, kati ya miaka ya 1750 na 1850, viliundwa mamia ya vyama vya kushtaki wahalifu. Mkulima alilipa ada yake, na akiibiwa, chama kilichapa matangazo, kikatoa zawadi, kikalipa gharama za mahakama, na katika baadhi ya vyama wanachama walipanda farasi wao kumfuata mwizi barabarani. Matangazo yao yalibandikwa kwenye milango ya makanisa na ndani ya baa, pamoja na orodha ya zawadi: kiasi kikubwa kwa farasi, kidogo zaidi kwa kondoo, na kidogo kabisa kwa aliyevunja ua au kung'oa viazi. Wanachama walikutana mara moja kwa mwaka kula pamoja. Vichache kati ya vyama hivyo vipo mpaka sasa, vimebaki na chakula cha mwaka tu.

Mhadhara huu hauoni ubaya kwa watu kuungana kulinda mali yao. Ubaya ni kwamba asiyekuwa na ada hakuwa na chama. Mjane mwenye kondoo watatu kwenye malisho ya kijiji aliibiwa kama alivyoibiwa tajiri mwenye kondoo mia tatu, lakini yeye hakuwa na wa kubandika tangazo lake.

Mshukiwa alipelekwa kwanza kwa mlinzi wa amani. Cheo hicho kilishikwa na wenye mashamba makubwa na makasisi wa Kanisa la Anglikana, bila malipo, na mara nyingi walisikiliza mashauri sebuleni kwao. Mtu aliyeletwa mbele ya meza ile aliweza kuwa mpangaji wa nyumba ya hakimu wake, au kibarua wa rafiki yake. Mlinzi wa amani aliandika maelezo ya mashahidi, akaamua kama mshukiwa aende gerezani kungoja mahakama. Makosa madogo yaliamuliwa kwenye vikao vilivyofanyika mara nne kwa mwaka. Kosa la kifo liliwangoja majaji wa mzunguko kutoka London, waliofika katika kaunti nyingi mara mbili tu kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya joto. Aliyekamatwa mara baada ya majaji kuondoka alikaa kizuizini miezi kabla ya kuulizwa lolote.

Kufika kwa majaji ilikuwa sikukuu. Mkuu wa kaunti aliwapokea kwa tarumbeta na magari ya farasi, ibada ikafanywa kanisani, hoteli zikajaa. Kesi zenyewe zilikwenda mbio, nyingine dakika chache tu. Jopo la watu 12, wenye mali ya kiasi fulani, liliamua. Mshtakiwa wa kosa kubwa aliweza kuwa na wakili wa kuwahoji mashahidi, ikiwa alikuwa na fedha, lakini wakili huyo hakuruhusiwa kuliambia jopo neno lolote la kumtetea hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1836. Mshtakiwa mwenyewe hakuruhusiwa kutoa ushahidi kwa kiapo hadi mwaka 1898. Kibarua asiyejua kusoma, aliyetoka kwenye giza la gereza na kusimamishwa mbele ya mavazi mekundu na nywele za bandia, alitakiwa ajieleze mwenyewe. Wengi walisema sentensi moja au mbili. Wengine waliwaita majirani waseme tu kwamba ni mtu mwenye bidii na ana watoto.

Hukumu ya kifo ilitolewa kwa jaji kuvaa kitambaa cheusi juu ya nywele zake. Lakini wengi wa waliosomewa hukumu hiyo kwa wizi wa mifugo hawakunyongwa. Kabla ya kuondoka mjini, jaji alipitia orodha ya wafungwa na kuamua nani aachwe kwa mnyongaji na nani apunguziwe adhabu. Sheria ya 1823 ilimruhusu hata kuiandika hukumu ya kifo bila kuitamka, pale alipokwisha kuamua kwamba haitatekelezwa. Wapo waliousifu utaratibu huu kuwa ni huruma. Mhadhara huu hauukubali. Watu wawili waliochinja kondoo wawili usiku mmoja waliweza kuishia mahali tofauti kabisa, mmoja kaburini na mwingine melini, kwa sababu mwajiri wa mmoja aliandika barua na wa mwingine hakuandika, au kwa sababu kaunti ile mwaka ule ilikuwa na wizi mwingi na jaji aliona unahitajika mfano. Uhai wa maskini uligeuka hisani ya kuombwa.

Na maskini walikuwa wengi. Katika miaka ya 1760 hadi 1820 na ushee, Bunge lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia ua ardhi ambayo vijiji viliitumia kwa pamoja, ekari milioni kadhaa. Familia iliyokuwa na ng'ombe mmoja au bukini wachache kwenye malisho ya wote ilijikuta haina pa kuwalisha. Vita na Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, askari walirudi vijijini kutafuta kazi zisizokuwepo, na mwaka huohuo Bunge likazuia ngano ya nje ili bei ya ngano ya wenye mashamba isianguke. Mkate ukabaki ghali. Huko Tolpuddle, kaunti ya Dorset, vibarua walilipwa shilingi 7 kwa wiki katika miaka ya mwanzo ya 1830, wakaambiwa zitashuka kuwa 6. Mwaka 1834 watu 6 wa kijiji hicho, wakiongozwa na George Loveless, kibarua na mhubiri wa Kimethodisti, walihukumiwa miaka 7 ya uhamisho Australia kwa kuapishana katika chama chao cha wafanyakazi. Shilingi 7 kwa wiki zilinunua mkate, viazi na chumvi kwa mke na watoto. Nyama ilikuwa inapita ng'ambo ya ua, ikila majani.

Ndiyo maana wizi wa kondoo ulizidi majira ya baridi, kazi zilipokwisha na usiku ulipokuwa mrefu. W. H. Hudson, mwandishi aliyetembea nyanda za Wiltshire na kutoa kitabu chake juu ya maisha ya mchungaji mwaka 1910, alikuta wazee bado wanasimulia wizi wa kondoo wa enzi za baba zao, na adhabu zilizoufuata.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kijiji kilimsamehe kila mwizi. Watu wa vijijini walitofautisha mambo. Kumtega sungura au ndege wa msitu wa tajiri hawakuona ni dhambi. Mnyama wa porini, walisema, hakuzaliwa kwenye zizi la mtu. Wenye mashamba walijibu kwa sheria kali: ile ya 1828 ilimpa aliyekamatwa akiwinda usiku kwa mara ya tatu adhabu ya kupelekwa uhamishoni. Kondoo ni habari nyingine. Ana mchungaji aliyemzalisha kwenye theluji, na mchungaji huyo ni jirani, naye huweza kufukuzwa kazi kwa sababu ya kondoo aliyepotea. Walikuwepo pia wezi waliofanya kazi kwa makundi, wenye mikokoteni, wakiwauzia wachinjaji nyama kwa wingi. Kuwaweka hao kapu moja na baba wa watoto sita aliyechinja mwanakondoo mwezi wa Januari ni kuwadhulumu wote wawili, na sheria ya kifo ilifanya hivyo hasa. Waingereza wenyewe walikuwa na methali ya tangu karne ya 17 kwamba kama ni kunyongwa, heri mtu anyongwe kwa kondoo mkubwa kuliko mwanakondoo. Mkulima hakuhitaji kusoma falsafa ili kuona kwamba adhabu ikiwa moja kwa dogo na kubwa, hakuna sababu ya kuiba dogo.

Mwaka 1830 hasira ya vijijini ililipuka. Usiku wa tarehe 28 Agosti, huko Lower Hardres karibu na Canterbury, vibarua walivunja mashine ya kupura nafaka, iliyokuwa ikiwanyang'anya kazi pekee ya majira ya baridi. Moto huo ukaenea kusini na mashariki mwa nchi kwa miezi kadhaa: mashine zikavunjwa, matuta ya nyasi yakachomwa, barua za vitisho zikatumwa kwa jina la Kapteni Swing, ambaye hakuwepo. Serikali ilituma mahakama maalumu Winchester, Salisbury na kwingineko. Karibu watu 2,000 walishtakiwa, 252 wakahukumiwa kifo, 19 wakanyongwa, na 481 wakasafirishwa ng'ambo. Hawa hawakuwa wezi wa mifugo, lakini walisimama kwenye vizimba vilevile, mbele ya wenye ardhi walewale. Mtu hawezi kuelewa kesi ya kondoo ya mwaka 1831 bila kukumbuka kwamba jopo lililoketi lilikuwa limetoka kuona matuta yake ya nyasi yakiwaka.

Na katika hali hiyo ya hofu, Bunge likafanya jambo ambalo wengi wangelitabiri kinyume. Mwaka 1832, kwa sheria iliyosukumwa na mbunge William Ewart, adhabu ya kifo kwa wizi wa farasi, kondoo na ng'ombe ilifutwa. Hoja iliyoshinda haikuwa ya huruma peke yake. Wapenda mageuzi, kuanzia Samuel Romilly aliyefariki mwaka 1818, walikuwa wamesema kwa miaka mingi kwamba kitanzi kinamlinda mwizi: mwenye mali anakataa kushtaki kwa kuogopa kubeba damu ya jirani, shahidi anasahau alichokiona, jopo linatafuta tundu la kumpitisha mshtakiwa. Kwa vitu vingine jopo liliweza kuishusha thamani ya mali chini ya kiwango cha kifo na hivyo kumwokoa mtu. Kwa kondoo haikuwezekana, kwa sababu sheria haikuuliza bei yake. Ilimtaja mnyama tu.

Badala ya kitanzi ukaja uhamisho wa maisha. Na hapo ndipo polisi walipoanza kufika mashambani, kwa mwendo wa kobe. Sheria ya 1839 iliruhusu kaunti kuunda jeshi la polisi, haikulazimisha. Wiltshire iliunda lake mwaka huohuo. Essex ilifuata mwaka 1840 chini ya John McHardy, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, naye akaliongoza kwa miongo minne. Kaunti nyingine zilikataa, walipa kodi wakilalamika kwamba ni gharama kubwa na kwamba askari wa kulipwa ni kitu cha Kifaransa. Mwaka 1856 Bunge likalazimisha kaunti zote. Askari aliyetembea usiku kwenye njia za mashamba, aliyeruhusiwa kumsimamisha mtu mwenye gunia na kumuuliza lina nini, alifanya kazi ambayo mti wa kunyongea ulikuwa umeshindwa kuifanya kwa miaka 90.

Askari peke yake hakutosha kuuondoa wizi. Reli nazo ziliwachukua ng'ombe waliokuwa wakiswagwa kwa miguu kwa wiki kadhaa kutoka Wales na Uskoti hadi soko la Smithfield, London, safari iliyowapa wezi nafasi nyingi. Soko lenyewe la wanyama hai lilihamishwa kutoka Smithfield hadi Islington mwaka 1855. Vijana wa vijijini walipanda treni hizohizo kwenda viwandani.

Waliovushwa bahari hadi Australia kwa hukumu ya uhamisho walikuwa karibu 160,000 kwa jumla, tangu meli za kwanza zilipoondoka mwaka 1787 hadi ya mwisho, Hougoumont, ilipotia nanga Fremantle, Australia ya Magharibi, Januari 1868. Wezi wa kondoo walikuwa miongoni mwao, na wengi walipofika waligawiwa kwa wafugaji, wakapewa fimbo na kundi la kondoo kuchunga.

Mmoja wa waliotangulia alikuwa msichana yatima wa Lancashire, Mary Haydock, aliyekamatwa mwaka 1791 akiwa na farasi wa wizi. Alikuwa na miaka 13 au 14, amevaa nguo za kiume na kujiita James Burrow. Alipewa miaka 7. Akafika Sydney mwaka 1792, akaolewa na Thomas Reibey, akazaa watoto saba, na mume alipofariki mwaka 1811 akaendesha peke yake biashara ya meli, maduka na majengo. Sura yake imo kwenye noti ya dola 20 ya Australia.

Mwingine alikuwa Margaret Catchpole wa Suffolk, aliyezaliwa mwaka 1762. Alikuwa mtumishi wa familia ya John Cobbold, mwenye kiwanda cha bia mjini Ipswich, akipika na kulea watoto. Mei 1797, baada ya kuacha kazi hapo, alimchukua farasi wa Cobbold zizini, akavaa nguo za kiume na kumpanda hadi London, maili 70 hivi, kwa usiku mmoja. Alikamatwa akitaka kumuuza. Jaji wa mzunguko alimhukumu kifo, hukumu ikageuzwa kuwa miaka 7 ya uhamisho, lakini badala ya kusafirishwa aliachwa katika gereza la Ipswich miaka mitatu. Machi 1800 aliuruka ukuta wa gereza hilo, wenye urefu wa futi 22, kwa kamba ya kuanikia nguo. Walimkamata tena ufukweni, akahukumiwa kifo mara ya pili, na mara ya pili akabakishwa hai, safari hii kwa uhamisho wa maisha.

Alifika Sydney Desemba 1801. Mtoto mmoja wa Cobbold, kasisi Richard, alitoa riwaya juu yake mwaka 1845, akamwoza mume na kumwongezea miaka ya kuishi. Kwa kweli Margaret hakuolewa kamwe. Barua zake mwenyewe alizowaandikia ndugu na mwajiri wake wa zamani zimehifadhiwa, zimeandikwa kwa tahajia ya mtu ambaye hakufunzwa shule, nazo zinaeleza mafuriko ya mto Hawkesbury, bei za vitu na hamu yake ya kurudi nyumbani. Huko Richmond, kando ya mto huo, alilima shamba dogo, akawa na duka, na wanawake walimwita usiku awazalishe. Januari 1814 alipewa msamaha, akawa huru kuondoka. Hakuondoka. Mwaka 1819 alikuwa akimuuguza mchungaji wa kondoo aliyepata mafua makali; ugonjwa ukamshika naye, akafariki tarehe 13 Mei, akazikwa palepale Richmond.